Ingia na Wewe Kwenye Picha

Tanga

Mpwa wangu mpendwa,

Bibi yako anaendelea vizuri. Mguu umeanza kupata nguvu. Barua yako imefika pamoja na picha ulizompiga chumbani kwake, na ombi lako la kukata picha za albamu ya zamani utengenezee kolaji za maonyesho ya chuoni.

Nimezitazama sana. Jicho unalo: Bibi akijifunga kanga, chupa za dawa dirishani, ile fimbo iliyoegemezwa ukutani. Lakini katika picha zote hizo wewe mjukuu wake hupo, na ndiyo sababu ya barua hii.

Soma habari za msanii Lebohang Kganye wa Afrika Kusini, aliyezaliwa mwaka 1990. Mama yake alifariki mwaka 2010. Nyumbani zilibaki picha za mama, na baadhi ya nguo alizozivaa kwenye picha hizo zilibaki pia. Binti akazivaa. Akaenda mahali mama alipopigiwa picha, akasimama vilevile, akaweka mkono vilevile, naye akapigwa picha. Kisha kwa kompyuta akailaza picha yake juu ya ile ya zamani. Kazi hiyo ya mwaka 2012 na 2013 inaitwa Ke Lefa Laka: Her-story. Mama anaonekana wazi, na binti yuko karibu yake mwepesi kama kivuli, gauni lilelile, pozi lilelile. Msiba ule kila mtu anauelewa bila kuelezwa. Tena hakuficha kwamba picha ni mbili. Mtazamaji anaona kabisa kuwa hawa wawili hawakusimama hapo siku moja, na pengo hilo ndilo linalomuumiza.

Kuhusu kolaji, msanii Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, amejenga kolaji zake maarufu kwa vipande vya magazeti na michoro ya vitabu vya tiba. Ukikata sura za watu usiowajua, mkono una uhuru mkubwa. Ukikata sura ya bibi yako, mkasi unapita kwa mtu atakayekupokea mlangoni ukirudi likizo.

Mwingine aliyeingia kwenye picha za nyumbani kwao, kama Kganye, ni LaToya Ruby Frazier wa Marekani. Kuanzia mwaka 2001 alimpiga picha bibi yake aliyemlea, pamoja na mama yake, katika mji wa Braddock, Pennsylvania. Huko ndiko tajiri Andrew Carnegie alikojenga kiwanda chake cha chuma kilichoanza kazi mwaka 1875. Ajira za chuma zilipopungua, wengi walihama. Waliobaki wakabaki na hewa chafu na maradhi, na mwaka 2010 hospitali ya mji ikafungwa. Frazier hakuishia kwenye majengo. Aliingia vyumbani, akapiga picha za bibi akiugua na mama akiuguza majeraha ya upasuaji. Yeye mwenyewe ana ugonjwa wa lupus, na mwili wake umo humo, bila kupambwa. Mara nyingine mama ndiye aliyeshika kamera. Picha hizo zilikusanywa mwaka 2014 katika kitabu The Notion of Family, na ukikifungua unaelewa jinsi kiwanda kinavyoingia hadi kitandani mwa mtu.

Kganye na Frazier walilipa gharama ileile waliyowatoza ndugu zao: nao walitazamwa. Kusogeza lenzi karibu na uso wa mgonjwa kila mtu anaweza. Kukaa upande ule wa kamera, ukiwa na uchovu na hofu yako, ndiko kunakompa aliye mbele yako haki sawa na wewe. Hapo picha ya nyumbani inakuwa ushahidi wa watu wawili.

Kuhusu albamu: picha zenyewe usizikate hata moja. Zile za studio ni za pekee, na filamu zake hatuna. Ziskani, chapa nakala, kata nakala upendavyo. Kabla hujaanza, kaa na Bibi muipitie pamoja. Muulize nani ni nani, ilikuwa wapi, na siku hiyo kulikuwa na nini. Andika nyuma kwa penseli, taratibu. Anakumbuka mengi ambayo mimi mwanawe sikuwahi kuyauliza.

Kazi ikiisha, aione yeye kwanza, kabla ya mwalimu wako. Akisema hii itoe, itoe, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote. Na ukija likizo, mkabidhi kamera akupige na wewe, umekaa kitandani kwake. Picha hiyo iweke kwenye maonyesho pamoja na zako, na chini yake uandike kwamba mpigaji ni yeye.

Ruhusa ya albamu nimekupa kwa masharti hayo. Mama yako msalimie sana.

Mimi mjomba wako akupendaye