Skrini ilikuwa kiza, kompyuta ilikuwa hai

Leo hatuna pishi wala mshono mpya. Tuna kisa cha dukani kwetu. Ndani yake mna jambo la kompyuta litakalomfaa kila mwanamke anayeendesha biashara kwa mashine hizi, na mna jambo jengine ambalo tunalisema kwa aibu.

Kwa mlio wapya hapa, sisi ni mawifi wawili, tuna duka la kushona na kudarizi Unguja. Tulianza na vyerehani viwili vya miguu. Leo, Alhamdulillah, tuna cherehani cha darizi kinachosoma maua kutoka kwenye flashi, na maua hayo tunayachora wenyewe kwenye kompyuta. Mwaka jana tukajikakamua tukanunua skrini ya 4K ya inchi 27, iliyotumika. Skrini ya kawaida ya Full HD ina vitone 1,920 kwa 1,080, kama milioni 2 hivi. Hii ina 3,840 kwa 2,160, zaidi ya milioni 8. Kwa mdarizi hiyo ni neema, maana unaona kila mshono wa jani bila ya kukodoa macho.

Tangu siku ya kwanza skrini hiyo ilikuwa na tabia moja. Ukiwasha kompyuta inabaki nyeusi. Haioneshi alama ya kampuni wala yale maandishi ya mwanzo. Baada ya muda kidogo Windows inatokea ghafla. Hatukuuliza kwa nini. Tulikuwa tukiwasha, kisha tunakwenda kuteleka chai.

Jumatatu moja chai iliiva, ikanywewa, na skrini bado nyeusi. Tulikuwa na mabuibui 12 ya harusi ya kukabidhi Ijumaa, advansi tumeshaipokea na tumeshainunulia vitambaa. Maua yote yalikuwa ndani ya kompyuta ile, na hatukuwa na nakala pengine popote.

Tukamgeukia binti wa jirani anayejifunza ushoni kwetu. Jumapili jioni ndiye aliyefuta vumbi mezani.

"Umechomoa nini?"

"Sikuchomoa kitu, Anti. Na kompyuta inawaka. Nikibonyeza hapa kwenye kibodi taa inawaka, nikibonyeza tena inazima."

Tukamwambia anyamaze, asitufundishe kazi. Tukamtamkia kuwa skrini itakatwa kwenye posho yake mpaka ilipike. Akachukua mtandio wake akaondoka analia. Jumanne hakuja.

Siku hiyo tukamwita fundi. Akatazama, akasema skrini imekufa, tutafute nyengine. Bei yake ilikuwa inazidi faida ya mabuibui yote 12. Usiku ule hatukulala.

Jumatano ndipo tulipompigia mpwa wetu aliye Dar es Salaam, anayefanya kazi za kompyuta. Akatuuliza maswali matatu.

"Shangazi, mkibonyeza vitufe vya skrini yenyewe, menyu yake inatokea?" Ilitokea. Akasema skrini iliyokufa haioneshi menyu.

"Feni ya kompyuta inazunguka?" Inazunguka.

"Bonyezeni Caps Lock. Taa yake inawaka na kuzima?"

Tukatazamana. Neno lile lile aliloambiwa anyamaze binti wa watu.

Mpwa wetu akasema basi kompyuta ni hai, inasubiri jibu la swali ambalo hamlioni. Akatwambia tuchomoe skrini kubwa, tuchomeke ile ndogo ya zamani kwa waya wa HDMI kwenye kadi ile ile ya picha. Tukaifukua stoo chini ya majora. Tulipowasha, maandishi meupe yakatokea: saa na tarehe zimepotea, bonyeza F1 kuendelea. Tukabonyeza. Windows ikafunguka na maua yetu yote yamo.

Kumbe mambo mawili yalikutana. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo mfano wa sarafu, inaitwa CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio pale umeme unapokosekana. Yetu ilikuwa imekwisha, na tuliimaliza wenyewe. Sisi tuliokuwa wasichana wakati wa kiza kikubwa cha Unguja, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, tuna woga na umeme unaporudi kwa kishindo, basi kila jioni tunazima swichi ya ukutani. Ukizima hivyo, betri hiyo ndiyo inayobeba mzigo usiku kucha. Umeme ulikatika Jumapili usiku, lakini hata usingekatika siku ya betri ilikuwa imefika.

La pili ni ile tabia ya skrini. Waya wetu ni wa DisplayPort. Skrini imewekwa izungumze kwa toleo la 1.4, na kadi yetu ya zamani, kabla ya Windows kuamka, halijui toleo hilo. Ikishaamka, programu ya kadi inawapatanisha. Kwa hiyo kompyuta iliuliza swali lake wakati ambao skrini haiwezi kuonesha chochote, ikakaa siku tatu inangojea F1. Lau tungeibonyeza gizani siku ile ya Jumatatu, ingefunguka.

Dawa ilikuwa rahisi. Tulibadilisha betri, tukairekebisha tarehe, kisha tukaingia kwenye menyu ya skrini tukaiteremsha DisplayPort kutoka 1.4 kuwa 1.2. Toleo la 1.2 linatosha kwa 4K ya mizunguko 60 kwa sekunde. Sasa tukiwasha tunaona kila kitu tangu mwanzo. Baadaye tukajua kuwa watengenezaji wa kadi kama yetu walitoa na programu ndogo ya kulitibu tatizo hili.

Lakini kulikuwa na la kurekebisha ambalo halina menyu. Jumatano ile ile baada ya magharibi tulikwenda kwa jirani, sote wawili. Tulimwambia binti mbele ya mama yake kuwa alisema kweli na sisi tulimdhulumu, na kwamba posho yake haiguswi. Mama yake alitukaribisha chai, lakini hakucheka na sisi kama kawaida yake, na haki yake. Tunasoma Suratul Hujurat kila mara, tunajua tumeonywa na dhana, na bado tuliona rahisi kumtuhumu mtoto kuliko kulisikiliza neno lake moja.

Alhamisi alirudi. Tulidarizi usiku na mchana. Ijumaa tulikabidhi mabuibui 10, mawili yakafika Jumamosi asubuhi, na mama wa bibi harusi hakutuficha kuwa hakupendezewa.

Kwa hiyo wapenzi, skrini ikibaki nyeusi, msikimbilie kununua. Tazameni menyu ya skrini, sikilizeni feni, bonyezeni Caps Lock. Hakikisheni waya umechomekwa kwenye kadi ya picha. Jaribuni skrini nyengine hata kama ni ndogo na ya zamani, msiitupe. Wekeni nakala za kazi zenu kwenye flashi. Na kabla ya kumuuliza mtu kaharibu nini, muulizeni kaona nini.

Siku hizi binti ndiye anayewasha kompyuta asubuhi, na sisi tunateleka chai. Mwenyezi Mungu atusamehe na atubarikie katika riziki zetu. Tukutane tena wiki ijayo, In shaa Allah.