Umewahi Kuchomwa Nairobi?

Nilizaliwa Mombasa, na baada ya kuhitimu masomo ya utabibu wa meno nikapelekwa na serikali katika nchi ya Wagusii, zama zile Kisii na Nyamira zilipokuwa bado wilaya moja, kwani Nyamira haikutengwa ila mwishoni mwa miaka ya themanini. Na huko, katika vilima vya mvua, migomba na majani chai, nikatumikia karibu umri wangu wote wa kazi, hata nikazoea ugali wa wimbi kwa mboga ya chinsaga kama mtu aliyezaliwa Manga. Kazi yangu aghalabu ilikuwa kung'oa na kuziba, nayo haina mengi ya kusimuliwa. Lakini walikuwako wagonjwa wa namna moja, wachache kwa idadi, ambao walinipa elimu niliyoikosa chuoni: vijana waliorejea kutoka Nairobi wakiwa wamepona saratani kwa tiba ya miale.

Yafaa msomaji ajue kwamba kwa miaka mingi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ndiyo pekee, miongoni mwa hospitali za umma nchini, iliyokuwa na mashine ya kuchomea saratani. Basi mgonjwa wa Ogembo au wa Kebirigo, asiyekuwa na mali ya kumpeleka hospitali ya binafsi, hakuwa na budi kupanda basi, kutafuta jamaa wa kumhifadhi Nairobi, na kukaa huko wiki sita au saba, maadam dozi haitolewi kwa mkupuo, hugawanywa siku tano za kila wiki. Mashine zilikuwa za kobalti, na kobalti hupungukiwa na nusu ya nguvu zake kila baada ya miaka mitano na kidogo. Kwa hiyo kadiri ilivyozeeka ndivyo mgonjwa alivyozidi kulazwa muda mrefu chini yake ili apate kipimo kile kile. Waliovumilia masahibu hayo wakapona, tiba iliwaokoa roho zao, na lolote nitakalolisema hapa chini lisimfanye mtu yeyote aikimbie.

Vijana niliowaona zaidi walikuwa wale wa saratani ya nyuma ya pua, maradhi ambayo katika Afrika Mashariki hayangoji uzee, huwapata hata wanafunzi wa sekondari, yakaanza kwa uvimbe wa shingo, pua kutoka damu au sikio kuziba. Kuyatibu hutakiwa dozi kubwa, kadiri ya grei 70 kwa kipimo cha miale, na miale ile haina njia ya kuufikia uvimbe ila ipite karibu na tezi za mate na mifupa ya taya. Binti mmoja wa pande za Ekerenyo, aliyechomwa akiwa na miaka kumi na sita, aliletwa kwangu miaka mitatu baadaye. Nilipoingiza kioo changu kinywani mwake kikanata shavuni, kwa kuwa hapakuwa na tone la mate la kukitelezesha. Na meno ya mbele ya chini, ambayo kwa watu wengine huwa ya mwisho kuoza kwa sababu mate huyaosha daima, yalikuwa yamelika yote penye shingo ya jino, mengine yamekatika sawasawa na ufizi. Ugali haukupita kooni ila kwa funda la maji. Mchana kutwa alimumunya peremende ili apate angalau unyevu, na peremende hizo ndizo zilizokuwa zikiyamaliza meno yaliyosalia. Tukaziacha, tukashika maji ya kunywa kidogo kidogo na dawa ya floraidi kila usiku, na mengi ya yale meno yakadumu.

La kutisha zaidi ni taya. Miale huifisha taratibu mishipa midogo midogo ya damu, na taya la chini, ambalo kwa asili lina damu haba kuliko la juu, hubaki likionekana zima ilhali halina tena uwezo wa kuponya jeraha. Kijana mmoja wa Keroka aling'olewa gego katika kliniki moja ambako hakuna aliyemwuliza habari zake za nyuma. Nilipomwona, miezi mingi ilikuwa imepita na mfupa ulikuwa wazi, wa rangi ya manjano, unanuka, na kila ulipomeguka kipande pakazidi kuchimbika. Hatari hiyo haiishi baada ya mwaka wala miaka kumi. Ndiyo maana kabla sijashika koleo nilimwuliza kila mtu, mkubwa kwa mdogo: "Umewahi kuchomwa Nairobi?" Baba mmoja alinijibu kwa upole, "Daktari wangu, hayo yalikwisha, mtoto alipona." Nikamwambia, "Mzee wangu, ugonjwa ndio uliokwisha."

Wala madhara si ya kinywa peke yake. Alikuwako mvulana wa Nyansiongo ambaye wazazi walimlalamikia kuwa amekuwa mvivu, analala darasani, anatetemeka kwa baridi hata jua likiwaka, na jirani wakadai amerogwa. Shingo yake ilikuwa imechomwa. Nikamwomba daktari mwenzangu ampime homoni za tezi ya thairoidi, na kweli tezi ilikuwa imelegea. Kidonge kimoja kila asubuhi kikamrudishia uchangamfu wake. Huko Marekani, wataalamu ambao tangu mwaka 1994 wanawafuatilia maelfu ya watu waliopona saratani utotoni wamethibitisha kwamba athari huweza kujitokeza miaka ishirini au thelathini baadaye: msichana aliyechomwa kifua huwa katika hatari ya saratani ya matiti akiwa bado mbichi, naye hupaswa kuanza kuchunguzwa tangu miaka ishirini na mitano, au miaka minane baada ya tiba, kwa kufuata lile lijalo baadaye, moyo nao huweza kudhoofika, na aliyechomwa nyonga huenda asizae, jambo ambalo kwa mke aliyetolewa ng'ombe za mahari ni msiba mzito, na ambalo yeye na wazazi wake wana haki ya kuelezwa kabla ya siku ya kwanza ya tiba.

Siku hizi Nakuru nako kuna kituo cha miale, na safari imefupika. Lakini katika miaka yangu yote, wengi walipoketi kitini pangu hawakujua walichomwa wapi hasa wala kwa kiasi gani, na karatasi zao zilikuwa zimelowa mvua, zimeliwa na mchwa au zimepotea. Basi nawasihi wazazi wa Kisii na Nyamira: mtoto akimaliza tiba, ombeni waraka ulioandikwa mahali palipochomwa, dozi na tarehe, mkautolee nakala, mkaweke asili pamoja na cheti chake cha kuzaliwa, na kila aendapo kwa tabibu, wa meno au wa lolote, autoe kabla hajaulizwa.