Paka wa Amu na Vikapu vya Sokoni

Ashukaye chomboni gatini mwa Amu, akitokea Mokowe, hupokewa na viumbe wawili hata kabla hajasalimiwa na wenyeji: punda na paka. Punda ana mzigo wake na mwenyewe anayejulikana. Paka je, mwenyewe ni nani?

Ukiingia ndani kwa Usita wa Mui hadi uwanja wa Ngome, utawaona sokoni wakati samaki wanapopasuliwa. Wamekaa kwa adabu inayozidi ya baadhi ya wateja, shingo zimenyooka, masikio makubwa yamesimama, wanangoja matumbo na vichwa. Wageni huwapiga picha na kuwafananisha na sanamu za Misri ya kale. Nasaba yao waijadili wataalamu. Mimi nawasihi wasomaji watazame mbavu zao. Wengi wamekonda, wana upele, na wengine jicho moja limekwisha kufumba kwa usaha.

Twajua wanakotoka. Paka wa nyumba akizaa darini, mama huambiwa awatie watoto kikapuni awapeleke sokoni, “kwenye riziki yao”. Neno hili hutamkwa kwa nia njema, lakini mtoto wa paka wa wiki tatu hajui kula kichwa cha samaki. Riziki yake ni ziwa la mamake, na mamake ameachwa darini akilia. Kikapu kile hakina tofauti kubwa na kaburi.

Hesabu yake si ngumu. Paka jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, angali mtoto machoni petu. Mimba huchukua kama siku 63 hadi 65, naye huweza kushika nyingine hali ananyonyesha. Akizaa mara mbili tu kwa mwaka, wanne wanne, hao ni wanane kutoka darini kwa nyumba moja. Samaki wa soko la Amu hawaongezeki kwa kadiri hiyo.

Dawa inayofanya kazi ni kuwahasi madume na kuwatoa majike kizazi, kwa mkono wa daktari wa wanyama. Paka hutiwa nusukaputi, hasikii kisu, na yule wa mtaani hukatwa ncha ndogo ya sikio akiwa bado amelala, ili asikamatwe tena bure. Kisha hurudishwa mtaa ule ule alikotoka. Wako wanaouliza kwa nini wasiondolewe kabisa. Jibu ni kwamba pale penye chakula, paka wengine huja kushika nafasi iliyoachwa wazi. Na Amu bila paka, panya wangesherehekea.

Najua swali linalowasubiri wasomaji wetu watukufu: je, si kubadilisha maumbile ya Allah? Swali hili ni zito wala halifai kupuuzwa. Katika madhehebu yetu ya Shafi, Imam Nawawi alizuia kuhasi mnyama asiyeliwa. Wanazuoni wa Kihanafi waliruhusu panapokuwa na manufaa au kuondoa madhara. Na baadhi ya wanazuoni wa zama zetu wamejuzisha kwa paka hasa, wanapozidi na kudhuru, kwa sharti kwamba operesheni isiwe ya kuwatesa. Nami naelekea kwenye kauli hii ya mwisho, kwa kuwa kisu cha zamani hakikuwa na ganzi, na kwa kuwa tunalolilinganisha nalo si paka kuachwa salama, ni kikapu. Asiyeridhika na amuulize mwanachuoni wake, lakini asiutumie uzito wa swali kuwa kisingizio cha kuwatupa. Mwanamke aliyemfunga paka, asimlishe wala asimwachie ajitafutie, habari yake sote twaijua katika Hadithi sahihi.

Nyumba inayotaka paka basi isiende kununua mwenye manyoya marefu kutoka mbali. Sokoni wako tele, hawana bei. Mtoto wa paka achukuliwe akiwa amekwisha kuacha ziwa, wiki nane hivi, achanjwe kichaa cha mbwa, na ahasiwe kabla ya kubaleghe. Mama mjamzito asisafishe kinyesi chake. Kazi hiyo wapewe wengine nyumbani, maana kina vijidudu vinavyoweza kumdhuru aliye tumboni. Wala asiogopwe kwa tohara: Abu Qatada, Allah amwie radhi, alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, kisha akaeleza kwamba Mtume (s.a.w.) hakumhesabu kuwa najisi.

Jike aliyetoka kwa daktari na afungiwe chumbani kama siku kumi, mbali na dari na ukuta wa kuruka, hadi mshono upoe. Watoto wa nyumba watapenda sana kumlinda, wakabidhiwe zamu.