Foleni ya Marehemu

Mkanda wa Beetlejuice ulifika mtaani kwetu Magomeni miaka kadhaa baada ya filamu kutoka Marekani mwaka 1988. Ulikuwa umerekodiwa kutoka mkanda mwingine, rangi zimepauka, picha inaruka, na mwenye kibanda akawa kila mara anaipiga deki kofi ili itulie. Tulibanana kwenye mabenchi. Kiingereza kilitupita, ila kisa chenyewe hakikuhitaji mkalimani: mke na mume wanatumbukia mtoni na gari lao, wanarudi nyumbani wasijue kwamba wamekufa, kisha nyumba inanunuliwa na watu wa mjini wenye maringo. Ndipo anapoingia Beetlejuice, mzuka wa suti ya mistari na meno yaliyooza, kazi yake kufukuza walio hai. Jina lake likitajwa mara tatu, huyo katokea. Kwa bibi yangu jini halitajwi jioni hata mara moja, kwa hiyo nilikwenda nyumbani nikigeuka nyuma njia nzima.

Kilichovunja watu mbavu ni chumba cha kusubiri. Kumbe marehemu nao wanapanga foleni! Kila mmoja na namba yake, mmoja kaungua kawa mkaa na bado anavuta sigara, na dirishani kakaa karani asiye na haraka na mtu. Watu wazima walicheka kutushinda sisi watoto. Ofisi za namna ile walikuwa wanazijua.

Halafu ikaja karamu. Wageni mezani wanapagawa, wanacheza bila hiari, na vinywani mwao inatoka sauti ya Harry Belafonte! Mimi nilimjua kwa santuri ya baba, ile ya mwaka 1965 aliyoimba Malaika pamoja na Miriam Makeba. Nilidhani ni mwimbaji wa Kiswahili. Amefikaje kwa mizuka ya Wamarekani?

Filamu ya pili ilisemwa tu. Iliandikwa hata hadithi ya kumpeleka Beetlejuice Hawaii, ikaishia kabatini. Mwongozaji Tim Burton na Michael Keaton, aliyemwigiza Beetlejuice, wakaenda zao kwenye Batman. Huku kwetu kibanda kilifungwa, deki zikawa takataka, zikaja CD, kisha simu. Beetlejuice Beetlejuice ilipotoka Septemba 2024, miaka 36 ilikuwa imepita, na niliitazama sebuleni na binti yangu.

Lydia wa Winona Ryder, yule msichana wa nguo nyeusi aliyenuna karibu filamu nzima, sasa ni mjane mwenye binti anayemnunia yeye. Mama anaona wafu wa kila mtu, lakini baba wa mtoto haonekani, na mtoto hamsamehe kwa hilo. Hapo ndipo nilipoona tofauti. Katika filamu ya kwanza hakuna anayelia; wale wawili wanakufa dakika za mwanzo, na muda si mrefu dalali yuko mlangoni. Hii ya pili inaingia msibani mapema. Babu wa familia kaliwa na papa, na makaburini kwaya ya watoto inaimba ule ule wimbo wa karamuni wa Belafonte, ambaye mwenyewe alifariki Aprili 2023, wiki chache kabla kamera hazijaanza kazi. Baba nimeshamzika, na santuri yake sijui aliichukua nani. Binti yangu aliniuliza mbona sicheki.

Nilicheka baadaye, kwenye foleni, maana ile haijapungua. Siisifii yote. Mwigizaji Monica Bellucci anajiunganisha viungo kwa stepla, kimoja baada ya kingine, nikakaa sawa nikijua sasa kazi imeanza, na baada ya hapo hakupewa la maana la kufanya. Keaton wamemtoa kwa kipimo, kama mwanzo, na wamefanya vizuri, akizidi anachosha. Binti yangu ameshaanza kuulizia ya tatu. Nimemwambia ahesabu majina kwenye mabango ya hizo mbili: mara tatu tayari.