Redio Yetu ya Mwembeni

Zamani habari zilifika Itetemia na wapagazi wa misafara. Mwaka 1973 zilifika kwa redio. Ilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchini walijifunza katika vikundi.

Sisi tulikaa chini ya mwembe. Redio ilikuwa moja. Tulichanga fedha za mawe yake. Tukaambiwa: chimbeni vyoo. Mzee mmoja, ambaye mjukuu wake alikuwa akiharisha, akauliza, "Kwangu ni mchanga mtupu. Shimo litabomoka. Nifanyeje?"

Redio haijibu swali. Wewe ungemwambiaje?

Jirani yake, mchimba visima, akasema, "Tutazungushia magogo ndani, mzee wangu. Kesho nakuja."

Tulikwenda watu sita. Kipindi kilichofuata, mawe yalikuwa yamekwisha. Tulikutana vile vile.