Mvua Haikunyesha Kwetu

Mwishoni mwa Aprili 2024 gari moja lilisimama mbele ya nyumba ya wageni ninakofanya kazi Mikumi, na juu ya paa lake kulikuwa na mbao mbili ndefu zilizofungwa kwa mikanda. Vijana wa bodaboda wakazisogelea taratibu kama mtu anavyomsogelea mnyama asiyemjua. Mmoja akasema ni mabawa ya ndege ndogo. Mwingine akasema ni majeneza, akazomewa. Mwenye gari, kijana wa Durban aliyeingia nchini kwa Tunduma, akashuka na kueleza kwa mikono: unalala kifudifudi juu ya ubao, unapiga maji, wimbi likikufikia unasimama na kuteleza nalo.

"Wimbi la wapi sasa?" akauliza dada muuza ndizi.

Swali lilikuwa la haki. Kutoka Mikumi hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 300. Sisi tuna malori ya Zambia na Kongo, mizani, na tembo wanaovuka lami wanapojisikia. Bahari hatuna.

Alikuwa amelipia usiku mmoja. Akakaa siku tano, na mbugani alikwenda mara moja tu. Kila asubuhi aliegemeza simu kwenye chupa ya chai, akaitazama namna mganga anavyotazama ramli, kisha akaja mapokezi kuongeza siku. Alikuwa anasubiri mwamba mmoja upande wa mashariki wa Unguja uwe tayari. Jina la mwamba hakunitajia. Nilipomuuliza alitabasamu kama mvuvi aliyeulizwa dema lake liko wapi.

Kazi ya mapokezi Mikumi mchana ni kusubiri, basi nikamwomba anifundishe kusoma kile alichokuwa anakisoma.

Mimi nilidhani urefu wa wimbi ndio kila kitu, kwa kuwa ndio tunaousikia. Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitoa angalizo la pwani husema upepo unafikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanafikia mita 2, basi. Akacheka. Wimbi la mita 2 linalofuatwa na lingine baada ya sekunde 6, akasema, ni fujo ya upepo wa jana, halina mpango. Nipe mita 1 na nusu, lakini kati ya wimbi na wimbi zipite sekunde 14. Hilo limezaliwa mbali sana, kwenye dhoruba ambayo hutaiona. Njiani limeachana na mawimbi madogo, limejipanga, na nguvu yake inashuka chini sana ya maji. Kundi la mawimbi ya namna hiyo husafiri kama kilomita 40 kwa saa, polepole kuliko basi linaloheshimu vibao vya hifadhi, ila halisimami kuchimba dawa. Kwa siku moja linakata zaidi ya kilomita 900.

Kitu cha tatu kilikuwa upande linakotoka. Hapa aliilaumu Madagaska kama mtu anayelaumu jirani aliyejenga ghorofa mbele ya dirisha lake, kwa sababu kisiwa kile kinazuia sehemu kubwa ya mawimbi yanayopanda kutoka kusini kabisa. Cha nne upepo wa pale pale ufukweni. Cha tano maji kujaa na kupwa.

"Kwa hiyo," nikamuuliza, "ufukweni kunaweza kuwa na jua, hakuna upepo, hakuna wingu, na wimbi kubwa likaja?"

"Hiyo ndiyo siku nzuri kuliko zote," akasema.

Nikabaki nimeshika chupa ya chai. Kwetu siku ya namna hiyo tunaijua kwa jina jingine.

Kwetu ni Kilosa, Magomeni, upande wa mto. Kutoka Mikumi unapanda gari linalopita Ulaya. Ndiyo, kijiji kinaitwa Ulaya, na utani wake tumeshauchoka ingawa yule kijana nilimwambia na akapiga picha ya ramani. Mji umekaa pale Mkondoa unapotoka milimani na kukutana na ardhi tambarare. Maji yake mengi si ya kwetu. Yanaanzia Dodoma, kwenye nchi kavu ambako mto unaitwa Kinyasungwe na sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Yanapita Gulwe, yanapita Kidete, yanashuka kwenye bonde jembamba kati ya milima pamoja na reli ya zamani. Wajerumani walipitisha reli humo kwa sababu ndiyo njia rahisi ya kupenya milima. Mto uliligundua hilo kabla yao na haujawahi kukubali kugawana. Chini ya Kilosa maji yanageuka kaskazini mashariki, yanakuwa Wami, yanakwenda kuingia baharini karibu na Saadani.

Mwisho wa Desemba 2009 nilikuwa na miaka kumi. Ninavyokumbuka, jioni ile kwetu ilinyunya tu, mvua ya kulaza vumbi. Kulikuwa na maneno mtaani kwamba mto umevimba. Mama akataka tupande kwa mama mdogo, upande wa juu wa mji. Baba akatoka, akasimama uwanjani, akatazama juu, akarudi ndani.

"Mvua yenyewe haijanyesha," akasema. "Laleni."

Baba alikuwa fundi cherehani, mtu wa vipimo. Hakuwa mzembe. Alipima alichokiona. Maji yaliingia usiku wa manane bila kelele kubwa, mimi niliamka kwa sababu ndala zangu zilikuwa zinagonga mguu wa kitanda. Baba alimbeba bibi mgongoni, Mama alitubeba sisi kwa maneno, "shika hapa, kanyaga hapa, usiachie". Tulitoka wote. Wapo waliotoka pungufu. Reli ilikatika vibaya kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikakaa miezi bila kupita, na sisi pamoja na maelfu ya watu wa Magomeni, Mbumi na kwingineko tukaingia kwenye mahema.

Cherehani ilipatikana siku ya tatu. Baba aliifuta, akaipaka mafuta, akazungusha gurudumu; ikatoa sauti ya kusaga mchanga. Aliishona na kuishonea miaka iliyobaki, na sauti ile haikuisha kabisa. Alifariki 2016. Kati ya hapo hakuwahi tena kumwambia mtu yeyote alale. Mvua ikianza, au isipoanza, alikaa kibarazani na redio, na tukimuuliza tufanye nini alisema, "Muulizeni mama yenu."

Haya yote sikumwambia yule mgeni. Nilimuuliza tu habari ya mwamba, na hapo ndipo alipoacha mzaha. Simu inamwambia bahari ya wazi ikoje, akasema, lakini simu haijui mwamba. Wimbi humwagika pale kina kinapokaribia urefu wake. Ufukwe wa mchanga unapanda polepole, kwa hiyo wimbi linachoka kidogo kidogo. Mwamba unapanda ghafla: wimbi linatoka kwenye kina kirefu, mara linakuta maji ya kifuani, miguu yake inakwama na kichwa bado kina haraka, linajirusha mbele zima zima. Ndiyo raha yake, na ndiyo maana si mahali pa anayejifunza. Maji yakiwa yamepwa, wimbi lile lile la simu linakutupa juu ya mawe. Akafunua mgongo. Ulikuwa umechanjwa mistari kama umepitishwa kwenye mbuzi ya nazi.

"Kwa hiyo unafanyaje?"

"Nakaa. Nusu saa. Natazama bila kuingia."

Mimi nilikuwa nafikiria mchanga wa Mkondoa. Kila masika mto unashusha mchanga mwingine kutoka juu na kuuacha kwetu, chini ya madaraja na kando ya tuta, kwa hiyo kitanda cha mto kinapanda na maji ambayo zamani yangepita kwa amani leo yanatoka nje. Hakuna utabiri unaosema hivyo. Utabiri wa msimu wenyewe unatukata katikati: kaskazini mwa Morogoro tunawekwa na watu wa vuli na masika, kusini mwa Morogoro wanawekwa na watu wa mvua za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Kilosa tumekaa mpakani, kila mwaka Mama anauliza sisi ni wa wapi.

Tarehe 1 Mei zikaanza taarifa za kimbunga Hidaya. Mgeni wangu akawasha macho kama taa. Nilimchukia kidogo siku hiyo, lazima niseme. Simu yake ilionyesha rangi nyekundu baharini na yeye alikuwa anahesabu siku za furaha. Kwa haki yake, hakuwa na nia ya kuingia majini na kimbunga. Alitaka kitakachobaki kikishapita. Akafunga mbao zake, akaondoka kuelekea Dar, akakuta boti za Zanzibar zimesimamishwa.

Mimi nikampigia Mama.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona usiku?"

"Mama, hamieni kwa mama mdogo. Kesho asubuhi. Kuna kimbunga."

"Kimbunga cha huku?"

"Cha baharini. Lakini mvua zake zinaweza kufika."

Kimya. Kisha: "Huku nyota zinaonekana."

Nilimkumbusha nani mwingine aliwahi kutazama juu. Yalikuwa maneno mabaya na niliyatumia kwa makusudi. Mama akahama. Alibeba godoro, nguo, cherehani, na mjukuu. Kuku kumi na mmoja akawaacha kwa sababu mama mdogo hana banda.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 ilitangazwa kwamba kimbunga kimepoteza nguvu baada ya kufika Mafia. Kusini waliumia: kule Kilwa mvua zilikata barabara ya Lindi na Mtwara pale Somanga, magari yakalala barabarani. Kilosa jua liliwaka. Mama aliporudi nyumbani banda lilikuwa wazi na kuku hawapo. Aliniambia kwa simu, bila kupandisha sauti:

"Mwanangu, bahari yako imenila kuku."

Sentensi hiyo ikawa wimbo wa familia. Kwenye harusi ya binamu yangu nilisalimiwa nayo na watu nisiowajua. Nikacheka nao, kisha nikarudi Mikumi nikakaa mapokezi na daftari, nikajaribu kuelewa nimekosea wapi. Kosa halikuwa la taarifa. Waliotangaza walitangaza kitu cha kweli, kwa pwani. Kosa lilikuwa kwenye namba ya tatu. Nilisoma urefu, nikasoma nguvu, nikasahau upande. Maji yaliyoingia kwetu 2009 hayakutoka mashariki. Bahari inayotuzamisha sisi iko Dodoma.

Kwa hiyo sasa nasoma Dodoma. Nasoma taarifa ya kila siku, angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa, na ile mistari miwili midogo chini ambayo wengi wanairuka: uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Nasoma Mpwapwa inasemaje na Kongwa inasemaje. Halafu nina kitu ambacho hakipo kwenye simu ya mtu: binamu ya Mama, mama lishe Gulwe. Nilimwomba jambo moja. Asinieleze mvua. Anieleze mto tu: rangi yake, na kama umebeba magogo.

Yule kijana aliniandikia mwezi Juni. Picha ya wimbi, halina mtu, jua limelipiga kwa nyuma likawa kijani. Chini ameandika kwamba alikaa nusu saa akatazama, akaamua kutoingia, na kwamba siku ya pili yake aliingia.

Mvua zilizofuata, usiku mmoja saa tatu, Gulwe ikapiga. "Umebadilika. Mwekundu. Na magogo yapo." Nikakata simu na nikakaa nayo mkononi. Nje malori yalikuwa yanapita kama kawaida. Nilijua Mama atauliza nini, na nilijua kuku wapya wako saba, amewanunua kwa fedha ya upatu. Nikihamisha watu kwa mara ya pili na maji yasije, mara ya tatu hawatanisikia, na mara ya tatu ndiyo inaweza kuwa yenyewe. Baba naye lazima alikaa hivi, uwanjani, akipima. Dakika zile sikumlaumu hata kidogo.

Nikapiga.

"Mama, Gulwe wamepiga."

Sikusikia habari ya nyota. "Wanasema una rangi gani?" akauliza.

"Mwekundu. Na magogo."

"Haya." Nikasikia anawaita watoto, kisha purukushani ya mabawa na mtu akicheka. Safari hii walipandisha na kuku, ndani ya tenga, juu ya kichwa cha mdogo wangu.

Sikulala. Saa kumi na moja alfajiri simu ikaita. Mama alikuwa anahema, alikuwa ameshuka mwenyewe kwenda kuangalia ingawa nilimkataza.

"Yamefika kwenye mpapai," akasema, "yamesimama. Yanaanza kurudi."

"Na ndani?"

"Ndani hayajaingia. Kuku wote wapo. Ngoja, usikate, nataka nikae hapa kidogo niyatazame."