Kidonge Kimoja, Dawa Mbili

Ugonjwa wetu tuliugundua tulipomsindikiza mgonjwa mwingine. Mtoto wetu wa nne alikuwa na malaria, tukampeleka kwa munganga. Alipokwisha kumpa dawa mtoto, munganga akatutazama sisi, akasema: «Mwalimu, na wewe kaa, nikupime tansio.» Akafunga kitambaa cha mashine yake mkononi mwetu, akapima mara mbili. Akatuita tena siku ya tatu, na juma lililofuata. Kila mara hesabu ilikuwa ileile: 17 juu ya 10, kama tunavyohesabu huku kwetu, vitabu vingine huandika 170 juu ya 100. Yule anayefika 14 juu ya 9, akapimwa tena siku nyingine na kukutwa vilevile, huhesabiwa kuwa mgonjwa.

Nasi hatujatimiza hata miaka 38! Tulidhani tansio ni ugonjwa wa wazee, au wa wakubwa wa ofisini wenye matumbo. Sisi twapanda kinga kila Jumamosi, kilomita 20 na zaidi, kuwafikia wakristu wa vijiji vya kando ya ziwa. Kichwa hakikutuuma, wala kilima cha misioni hakikutuhemesha. Munganga akatueleza kwamba ndiyo tabia yake: hula moyo, mafigo na mishipa ya kichwani kimyakimya, na watu wengi huujua siku ile wanapoanguka, upande mmoja wa mwili umekwisha kufa. Tukamkumbuka baba yetu mdogo. Alianguka hivyo katika shamba la mihogo, asiseme tena neno hata alipokufa. Jamaa walisema amerogwa, na ndugu wawili wa ukoo wetu hawasalimiani hata leo kwa ajili ya maneno ya matanga yale.

Basi tukaanza dawa. Kwanza tulipewa lizinoprili peke yake. Baada ya miezi miwili hesabu ilikuwa bado juu, ndipo munganga akabadili, akatupa kidonge ambacho ndani yake mna dawa mbili: lizinoprili ileile, na pamoja nayo hidroklorotiyazidi. Juu ya boksi imeandikwa 20/12,5, maana miligramu 20 za ile ya kwanza na 12,5 za ile ya pili. Ya kwanza hulegeza mishipa ya damu. Ya pili hutoa maji na chumvi mwilini kwa njia ya mkojo. Kwa sababu hiyo twaimeza asubuhi. Atakayeimeza jioni ataamka usiku kucha. Tangu 2019 Shirika la Afya la Dunia limetia vidonge vya namna hii katika orodha yake ya dawa za lazima, kwani mgonjwa mwenye kidonge kimoja husahau kidogo kuliko mwenye viwili. Tena tulisoma jambo lililotuchekesha: dawa ya kwanza ya ukoo wa lizinoprili, ile iitwayo kaptoprili, iliyoruhusiwa Marekani mwaka wa 1981, ilipatikana kwa kuchunguza sumu ya nyoka wa Brazili. Aliyesoma habari za nyoka wa shaba wa Musa hatashangaa sana.

Kosa letu la kwanza lilikuja mara. Boksi la zamani lilikuwa na vidonge kumi na nne bado. Tukasema, dawa ni pesa, haitupwi! Tukawa tunameza cha zamani na kipya pamoja. Siku ya nne, tuliposimama ili tusome somo katika Misa, kanisa likazunguka, tukashika kinara tusianguke. Munganga alipoviona vidonge vyote viwili alicheka kwanza, kisha akanuna. Lizinoprili tulikuwa tukiimeza mara mbili. Akachukua boksi la zamani.

Lakini kosa lile lilikuwa juu yetu peke yetu. La pili ndilo linalotuandikisha maneno haya.

Mama mmoja wa shirika letu alikuja jioni moja. «Mwalimu,» akasema, «kichwa kinaniuma siku tatu, na macho yanaona giza. Wameniambia ni tansio. Nawe una dawa. Mimi sina pesa ya farmasi.» Tukaingia ndani, tukamkatia vidonge kumi. Tulimwagiza kama munganga kabisa: kimoja asubuhi, na maji mengi. Naye akapiga magoti kushukuru. Tulirudi kitini tukiwa na furaha, tukajiona tumetimiza mapendo.

Siku tatu zikapita. Mama watoto wetu akasikia habari kisimani, akaja akatuuliza: «Umempa dawa yako? Hukuona namna anavyofunga kikwembe?»

Hatukuona. Mama yule alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Tulikuwa tumesoma seminari miaka sita. Karatasi ya ndani ya boksi imeandikwa kwa Kifaransa, herufi ndogo kama mbegu za mchicha, na sisi tuliisoma yote tangu mwanzo hata mwisho, na kujisifu kwa hiyo. Mstari ule unaokataza dawa kwa mwanamke mwenye mimba tuliupita kwa macho, kwani haukutuhusu. Usiku ule tuliusoma tena kwa taa. Dawa ya ukoo huu huweza kuharibu mafigo ya mtoto tumboni, hata kumwua.

Tukapanda kinga gizani. Alikuwa amemeza vidonge vitatu. Saba akaturudishia, amevifunga katika ncha ya kikwembe. Asubuhi tulikwenda naye kwa munganga, tukakiri mbele yake. Hatukulaumiwa sana kwa maneno. Alimpima mama: 16 juu ya 11, na miguu imevimba. Akatuambia kwamba mwenye mimba anayeumwa kichwa na kuona giza hangojei hata siku moja. Na siku tatu zile alizoamini kwamba amepata dawa, ndizo zilizompotea. Akampa metildopa, ambayo huruhusiwa kwa wenye mimba, akampeleka hospitali kubwa. Nauli tulilipa sisi. Miezi ile tuliyongojea hatutaisimulia. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo sana, lakini akalia kwa nguvu. Tulipoandika jina lake katika daftari la ubatizo mkono ulitetemeka.

Tangu hapo twauliza zaidi kuliko tunavyofundisha. Mgongo ukituuma kwa sababu ya kinga, hatununui tena ibuprofeni wala diklofenaki za sokoni, kwani zikikutana na dawa mbili hizi mafigo huumia, twatumia parasetamoli. Tukihara au kutapika, na huku ziwani kolera si mgeni, twamwuliza munganga siku ileile kama tusimamishe kidonge kwa muda, maana mwili umekwisha kukauka. Tukisahau siku moja, kesho hatumezi viwili. Mara mbili kwa mwaka hupima damu yetu, aone mafigo na potasiumu. Na midomo, uso au ulimi vikivimba ghafula, ni kuacha dawa na kukimbia hospitali saa ileile. Jambo hilo si la kila siku, lakini hutupata sisi watu weusi mara nyingi zaidi kuliko wazungu. Kikohozi kikavu kisichoisha nacho ni cha kumwambia munganga, asije mtu akatibiwa kifua bure.

Jambo moja laihusu kazi yetu. Wakristu kadhaa wametuambia kwamba Jumapili hawamezi kidonge mpaka Misa iishe, wasivunje mfungo wa Komunyo. Sheria ya Kanisa yasema wazi: maji na dawa havivunji mfungo huo. Mezeni, ndugu. Lakini samaki ya chumvi na zile kubu za kutia ladha katika sombe, hizo tumepunguza, ingawa nyumbani walinung'unika mwezi mzima.

Mwezi uliopita mmoja wa wale ndugu wawili wasiosalimiana alikuja kwetu, akakubali twende naye apimwe. Ilikuwa 18 juu ya 11. Alinyamaza njia nzima ya kurudi. Tulipofika kwenye mwembe wa baba yetu mdogo akasimama, akatuuliza: «Yeye, walimpima hata mara moja?» Tukamjibu kwamba hapana.